Ufundi wa Kupamba Picha kwa Kompyuta

Katika nyumba nyingi za askari hapakosi sanduku la bati au bahasha kuukuu yenye picha za familia. Pengine ni picha kumi, pengine ni moja tu: baba amesimama wima katika sare mpya siku ya kumaliza ukuruta, kofia imekaa vyema, na nyuma yake limening'inia pazia lililochorwa bustani. Picha hiyo imehama kambi moja hadi nyingine, imenyeshewa, imekunjwa, na unyevu umekula pembe yake. Siku hizi kijana wa nyumba hiyo aliyejifunza kidogo kompyuta huombwa aisafishe, aitie rangi, au amweke mama kando ya baba, kwa kuwa wawili hao hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Huo ndio mlango ambao watu wengi hupitia kuingia katika ufundi wa kutia picha madoido. Na kwa kuwa picha yenyewe huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya uso ule, yafaa anayeanza ajue mambo mawili kabla hajagusa kipanya: namna ufundi huu unavyofanya kazi, na mahali ambapo mkono wake hauna budi kusimama.

Wako wanaodhani kwamba madoido ya picha yaliletwa na kompyuta. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mpiga picha wa Uingereza, alionyesha picha moja kubwa yenye watu wengi ambayo kwa hakika aliiunga kutokana na negativu zaidi ya 30. Huku kwetu Afrika Mashariki, Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha kwa namna ambayo wateja waliistaajabia. Mafundi wengine waliziba nusu ya lenzi, wakapiga, kisha wakaziba nusu ya pili na kupiga tena katika negativu ileile, na mteja akatoka ameketi akizungumza na nafsi yake. Wake zao na mabinti zao nao waliketi na burashi nyembamba wakipaka midomo na mashavu rangi kwa mkono.

Kompyuta ilichofanya ni kuutoa ufundi huo katika chumba cha giza na kuuweka mezani. Ndugu wawili wa Marekani, Thomas Knoll na John Knoll, walianza kutunga programu ya kushughulikia picha mwaka 1987, nayo ikaanza kuuzwa kwa jina la Photoshop mwaka 1990. Hiyo ndiyo inayotumiwa na magazeti na studio kubwa, lakini hulipiwa kila mwezi, na malipo hayo si mepesi kwa mshahara wa koplo. Kwa bahati njema ipo nyingine iitwayo GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1996. Hiyo ni ya bure kabisa, kwa halali, na mtu aweza kumgawia jirani yake bila ya kuvunja sheria yoyote. Maelezo yafuatayo yanaihusu hiyo, ingawa kanuni zake ni zilezile popote.

Nakala kwanza

Kabla ya yote, picha ya asili isiguswe. Ikiwa ni ya karatasi, ipigwe kwa skana. Picha ndogo ya pasipoti, yenye upana wa sentimita 3.5 na urefu wa sentimita 4.5, ikipigwa kwa kipimo cha vitone 1,200 kwa inchi itatoa vitone kama 1,650 kwa 2,100, navyo vyatosha kuchapisha picha ya ukubwa wa kadi ya posta bila ya kufifia. Pasipo na skana, simu yaweza kutumika: picha ilazwe juu ya meza karibu na dirisha lakini kivulini, taa ya simu izimwe kwa kuwa hutia doa jeupe linalong'aa, na simu ishikwe sambamba na meza. Ikiinamishwa hata kidogo, bega moja la baba litatoka pana kuliko jingine.

Faili lililopatikana lipewe jina lenye neno ASILI na kuwekwa mahali pawili, kwa mfano katika kompyuta na katika flashi. Kazi yote ifanywe juu ya nakala. Yafaa ieleweke pia kwamba faili la aina ya JPEG, ambalo ndilo simu nyingi hutoa, hupoteza ubora kidogo kila linapohifadhiwa upya baada ya kuguswa. Kwa hiyo kazi inayoendelea ihifadhiwe katika aina ya GIMP yenyewe, iitwayo XCF, na JPEG itolewe mwishoni tu.

Sasa, picha ndani ya kompyuta ni kitu gani? Si kingine ila vitone vidogo mno vya mraba, viitwavyo pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu kama shanga za mkufu mpana. Kwa kawaida kila kitone kina namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Sufuri tatu ni weusi mtupu. 255 tatu ni weupe mtupu. Basi madoido yote, hata yale yanayoonekana kama mazingaombwe, ni hesabu tu inayofanywa juu ya namba hizo. Mtu akiwaza hivyo hatatishwa na wingi wa vitufe.

Tabaka na barakoa

Mambo mawili yakishaeleweka, mengine yote hufuata. La kwanza ni tabaka, ambalo mafundi wa mjini huliita leya. Mwanafunzi na afikirie vioo kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Katika kioo cha chini imo picha. Katika cha juu yake fundi aweza kuchora, kufuta au kubandika uso mwingine, na anayetazama kutoka juu huona picha moja iliyoungana. Asipopendezwa, hukiondoa kioo cha juu, na kile cha chini kiko salama. Katika GIMP, vitufe vya Shift, Ctrl na D vikibonyezwa pamoja, tabaka linalotumika hutoa nakala yake juu yake.

La pili ni barakoa. Kama vile barakoa ya hospitali ifichavyo pua na mdomo na kuacha macho wazi, barakoa ya tabaka huficha sehemu ya kioo cha juu bila ya kuifuta. Kanuni yake ni fupi: palipopakwa rangi nyeusi hufichika, palipo peupe huonekana, na kijivu huonyesha nusunusu. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachopotea. Fundi aliyepaka nyeusi mahali pasipostahili hubadili burashi iwe nyeupe na kupapaka tena, na sehemu ile hurudi ilivyokuwa. Herufi D huziweka rangi za burashi kuwa nyeusi na nyeupe, na herufi X huzibadilishana nafasi. Katika kazi ya jioni moja herufi hiyo ya X itabonyezwa pengine mara mia.

Zoezi zuri la kuanzia ni picha isiyo na rangi ambayo kitu kimoja tu ndani yake kimebakiza rangi: gauni la mtoto siku ya Idi au Krismasi, kitenge cha bibi, au ua mkononi mwa bibi harusi. Tabaka hunakiliwa, kisha nakala ya juu huondolewa rangi kwa kutumia orodha ya rangi. Picha yote sasa huonekana ya kijivu. Hapo tabaka la juu huongezewa barakoa nyeupe, na kwa burashi nyeusi yenye kingo laini fundi hupaka juu ya gauni. Kadiri anavyopaka, kijivu hutoboka na wekundu wa chini hutokeza. Karibu na ukingo wa mkono na kola, burashi ipunguzwe na picha ivutwe karibu. Watoto wakitazama kazi hiyo kwa mara ya kwanza hupiga kelele za furaha, na hakika ni haki yao.

Kosa linalowapata takribani wanafunzi wote hapa ni kupaka juu ya picha yenyewe badala ya barakoa, na gauni likageuka jeusi tititi. Dawa yake ni kubonyeza Ctrl na Z ili kurudi nyuma, kisha kukibonyeza kile kipicha kidogo cha barakoa katika orodha ya matabaka kabla ya kuendelea.

Yapo madoido mepesi kuliko hayo, ambayo hayahitaji maelezo marefu. Rangi ya kahawia ya picha za kale hupatikana kwa amri moja katika orodha hiyohiyo ya rangi. Giza laini la pembeni, linalolivuta jicho katikati, nalo lina amri yake miongoni mwa vichujio vya mwanga na kivuli. Kasoro ya wanaoanza ni kuyatia yote mawili kwa nguvu zote, hata picha ikafanana na iliyookolewa motoni. Nusu ya kile kinachopendeza usiku wa kwanza aghalabu hutosha asubuhi.

Jambo moja katika rangi linataka uangalifu zaidi. Kamera na filamu hazikutengenezwa kwanza kwa ajili ya nyuso za Waafrika. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na uso mweusi ukatoka mara nyingi kama kivuli chenye macho na meno. Fundi wa leo anaweza kurekebisha hali hiyo, lakini si kwa kuing'arisha picha nzima. Na anakili tabaka, aongeze mwanga katika sehemu za giza peke yake kwa kifaa cha mkunjo wa mwanga, kisha kwa barakoa auache mwanga huo usoni tu, mpaka mikunjo ya paji la uso na mstari wa shavu vionekane. Rangi ya ngozi ibaki ilivyo. Simu nyingi siku hizi zina kichujio kinachomtia mtu weupe na kumwondolea makunyanzi bila ya kuulizwa. Ni jambo la kusikitisha kumwona nyanya wa miaka sabini akirudishiwa picha ya binti mweupe asiyemjua, huku akiambiwa kwamba ni yeye.

Kumtenga mtu na yaliyo nyuma yake

Picha nyingi za kambini huharibiwa na mambo ya nyuma: kamba ya nguo, gari la maji, mguu wa mpita njia. Badala ya kuyafuta, ni rahisi zaidi kuyatia ukungu. Tabaka hunakiliwa, nakala hutiwa ukungu kwa kichujio kiitwacho kwa jina la Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, kisha kwa barakoa mtu hutobolewa akarudi katika ukali wake. Anayeanza huishia hapo, na picha hutoka kama ya mtu aliyekatwa kwa mkasi akabandikwa juu ya pamba. Sababu yake ni ardhi. Katika kamera ya kweli, ardhi iliyo miguuni pa mtu huwa kali sawasawa na viatu vyake, na ukungu huongezeka pole pole kadiri mahali panapokwenda mbali. Basi barakoa ipakwe kijivu kinachofifia kutoka miguuni kwenda nyuma. Kwa nywele, burashi iwe laini na ndogo, na nywele chache zikipotea si hasara. Mstari mkali kuzunguka kichwa ni mbaya kuliko nywele zilizopotea.

Kuwaunganisha waliotengana

Hii ndiyo kazi inayoombwa kuliko zote katika nyumba za askari. Baba yumo katika jeshi la kulinda amani Somalia. Watoto wako nyumbani, mdogo amezaliwa baada ya safari. Picha mbili zinapatikana, moja ya kutoka huko kwa simu na nyingine ya sebuleni, na mama angependa zote ziwe moja. Kumkata baba na kumweka juu ya tabaka la watoto ni kazi ya nusu saa kwa kutumia barakoa iliyokwisha elezwa. Lakini jicho la binadamu halidanganyiki kirahisi, hata la mtu asiyejua neno moja la kompyuta. Atasema, "Picha hii ina kitu," asijue ni kitu gani. Kitu hicho aghalabu ni kimojawapo cha hivi.

Kwanza ni upande wa mwanga. Ikiwa jua linampiga baba shavu la kulia na watoto la kushoto, hakuna burashi itakayowapatanisha. Ni afadhali kutafuta picha nyingine, au kuigeuza moja kama inavyoonekana kiooni. Hata hapo iangaliwe isije beji ya cheo ikahamia upande usio wake na maandishi ya kifuani yakasomeka kinyume. Askari mwenzake ataliona hilo kabla ya jingine lolote.

Pili ni kivuli. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kivuli cha saa sita mchana hukaa chini ya miguu kama sahani. Cha saa kumi na moja jioni hurefuka kuliko mtu mwenyewe. Mtu asiye na kivuli huelea. Kivuli kitengenezwe katika tabaka tupu lililo kati ya baba na ardhi, kwa burashi nyeusi laini, kisha tabaka hilo liwekwe katika hali ya kuzidisha. Katika hali hiyo kompyuta huzidisha namba za tabaka la juu kwa zile za chini, na jumla ya mambo huwa giza zaidi, ilhali nyasi na kokoto huendelea kuonekana ndani ya kivuli. Nguvu yake ishushwe hata asilimia 30 au 40, ilinganishwe na kivuli kingine chochote kilichomo pichani.

Tatu ni kimo cha kamera. Mpiga picha akisimama wima katika uwanja ulio sawa, mstari ambapo mbingu hukutana na ardhi hupita usawa wa macho yake. Akichuchumaa, mstari huo hushuka. Picha ya baba iliyopigwa na mtu aliyechuchumaa, ikiwekwa kando ya watoto waliopigwa kutoka juu, humfanya aonekane mnara. Kifaa cha kupunguza ukubwa hakisaidii kitu hapo.

La mwisho ni rangi ya mwanga. Kivuli cha mti huwa na ubuluu, taa ya sebuleni huwa na umanjano, na vumbi hugeuza weusi kuwa kijivu. Namna rahisi ya kulinganisha ni kutafuta kitu cheusi katika kila picha, kama buti au nywele, na kitu cheupe, kama soksi au karatasi, kisha kuzisogeza namba za picha moja mpaka weusi na weupe wake ufanane na wa nyingine. Kazi hii ndogo hupatanisha picha kuliko saa nzima ya kusugua kingo.

Palipokwaruzwa

Kwa picha kuukuu iliyochanika zipo zana mbili. Ya kunakili, inayoitwa kwa herufi C, huchukua kipande cha mahali pazima na kukibandika palipoharibika. Fundi hushikilia Ctrl na kubonyeza mahali pa kuchukulia, kisha hupaka. Ya kuponya, kwa herufi H, hufanya vivyo hivyo ila hulainisha rangi na mwanga ufanane na wa jirani. Ukuta, pazia na anga huponywa kwa dakika chache. Mahali pa kuchukulia pabadilishwe kila mara, kwa maana kipande kilekile kikirudiwa hufanya mchoro kama wa kitambaa. Agosti 2006 shirika la habari la Reuters liliitoa picha ya moshi juu ya jiji la Beirut, na wasomaji wakagundua kwamba mafungu ya moshi yalikuwa yamerudiwa yakifanana kabisa. Shirika likaacha kufanya kazi na mpiga picha huyo na kuziondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa.

Lakini mkwaruzo ukipita juu ya uso, mambo hubadilika. Kovu, chanjo, pengo la meno na jicho lililo dogo kuliko jingine ndivyo vitu ambavyo mjane na watoto humtambua navyo marehemu. Mstari mweupe wa mkunjo uondolewe kwa uangalifu, na pale ambapo karatasi imebanduka kabisa pasibaki kitu, ni heri paachwe. Haifai jicho la kulia kugeuzwa likawekwa mahali pa la kushoto, kwa kuwa uso wa mtu haulingani pande zote mbili.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kwa sababu ya programu za akili bandia, ambazo hupewa picha iliyofifia na kuirudisha safi, ina kope na vinyweleo, katika sekunde chache. Mashine hiyo haikumwona marehemu. Palipofifia hukisia, na makisio yake hutoka katika mamilioni ya nyuso za watu wengine iliyofunzwa kwazo. Kinachorudi huweza kuwa uso wa mtu anayemfanana, tena mzuri, na mtoto aliyempoteza baba akiwa na miaka miwili hana njia ya kujua tofauti. Familia ikitaka kuitumia, na itumie. Lakini nakala ya kwanza isitupwe, na wazee waliomjua waonyeshwe zote mbili pamoja. Shangazi akisema, "Huyu siye," neno lake lina nguvu kuliko la kompyuta.

Mapambo na ushahidi

Hakuna ubaya wowote katika picha ya kuunga inayotundikwa sebuleni na kila mtu akajua kuwa imeungwa. Ubaya huanza inapotoka nyumbani ikiwa imevaa nguo za ushahidi. Mfano wake mkubwa ulitokea vitani. Machi 2003, karibu na mji wa Basra nchini Irak, mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times, Brian Walski, alimpiga askari wa Uingereza akiwaashiria raia wajikinge. Picha moja ilikuwa na askari aliyesimama vizuri, nyingine ilikuwa na baba aliyembeba mtoto. Akaziunga zikawa moja, nzuri kuliko kila moja peke yake, na magazeti yakaichapisha ukurasa wa kwanza. Mfanyakazi wa gazeti jingine, Hartford Courant, akaona kwamba baadhi ya watu waliokaa nyuma walitokea mara mbili. Walski alifukuzwa kazi mapema Aprili mwaka huohuo. Hakumwongeza wala kumwondoa adui; alitaka picha ipendeze tu. Hata hivyo, baada ya hapo nani angeweza kuapa ni nini hasa kilichotokea mahali pale?

Kwa polisi somo ni lilelile. Picha ya mahali pa ajali au uhalifu isipambwe, isikatwe pembeni, isiongezwe mwanga wala kupitishwa katika kichujio cha simu. Faili lililotoka katika kamera lihifadhiwe kama lilivyo, na likihitajika la kuonyeshea, nakala ndiyo ikuzwe. Wakili hodari akithibitisha kwamba kitone kimoja kiliguswa, atauliza vingapi vingine viliguswa.

Kadhalika kila familia ya askari yafaa ijue kwamba faili la simu huweza kubeba mambo yasiyoonekana machoni: saa ya kupigwa, aina ya simu, na mara nyingi mahali penyewe kwa vipimo vya ramani. Picha ya baba akiwa zamu, ikitumwa kwa marafiki, huweza kumwelekeza mtu asiyetakiwa hadi mlangoni mwa kituo. Katika GIMP, wakati wa kutoa JPEG, kidirisha hufunguka chenye alama za kuchagua. Ile ya kuhifadhi habari za Exif na ile ya XMP ziondolewe. Yaliyo nyuma, kama antena, lango au namba za magari, yakatwe au yatiwe ukungu mzito kwanza, na uangaliwe mgongo wa picha pia, yaani kioo, dirisha na miwani ya jua, ambavyo huakisi kisichokusudiwa.

Kuchapisha

Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, vitone 1,200 kwa 1,800 vinatosha. Kioo cha kompyuta hung'aa na karatasi haing'ai, kwa hiyo kazi inayopendeza kiooni aghalabu hutoka nyeusi dukani. Ni busara kuchapisha moja ndogo ya majaribio, kuitazama mchana nje ya nyumba, na kuongeza mwanga kidogo kabla ya kulipia ile kubwa.

Nyuma ya picha iliyoungwa paandikwe kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya: majina ya waliomo, mwaka wa kila picha ya asili, na neno "imeungwa" pamoja na mwaka wa kuungwa. Wajukuu watakaoikuta sandukuni hawatakuwa na wa kumuuliza. Ile ya asili, hata ikiwa imeliwa pembe, irudishwe katika bahasha ya karatasi kavu wala si ya nailoni, peke yake bila ya gundi wala utepe, na sanduku likae mbali na paa la bati na moshi wa jikoni.